Kina cha Bahari na Kipimo cha Mwanadamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari, aliyekipa kila kiumbe kadiri yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama.

Ama baad. Katika mazungumzo yetu ya Ijumaa ya leo tumekusudia kueleza safari za mwanadamu kwenda mahali penye kina kirefu kuliko pote katika bahari za dunia: ni wapi, ni nani waliofika, walikwenda kwa chombo gani, na kwa nini wengine walizama wakarudi salama na wengine wasirudi. Tumeichagua habari hii kwa kuwa ndani yake mna somo juu ya kosa tulifanyalo mara nyingi, nalo ni kudhani kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu na kuhesabu vipimo vya kazi ni mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Bahari imefunika kiasi cha sehemu saba katika kila kumi za uso wa dunia, na kina chake kwa wastani ni kama mita 3,700. Walakini ziko sehemu ambako sakafu ya bahari imeshuka chini zaidi ya hapo. Gamba la ardhi limegawanyika mapande makubwa yanayosogea polepole mno, na pale pande moja linapozama chini ya jingine hufanyika handaki refu. Handaki linalopita yote kwa kina ni Handaki la Mariana, lililoko magharibi ya Bahari ya Pasifiki, si mbali na kisiwa cha Guam. Mahali pake pa chini kabisa huitwa Kina cha Challenger, na hapo maji yana kina cha mita 10,900 na ushei. Lau mlima wetu wa Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ungaling'olewa na kutumbukizwa humo, juu ya kilele chake yangalibaki maji ya mita 5,000. Hata mlima Everest, wenye mita 8,849, ungalizama wote, na meli zikapita juu yake bila ya nahodha kujua.

Watu walijuaje kina hiki? Mabaharia wa pwani yetu tangu kale walipima kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kambani, na hesabu yao ilikuwa ni ya pima, nayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, kiasi cha futi 6. Meli ya Kiingereza iliyoitwa Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kwa ajili ya elimu kuanzia mwaka 1872 hata 1876, ilitumia njia hiyo hiyo, isipokuwa kamba yake ilikuwa ndefu kupita kiasi. Tarehe 23 Machi 1875, katika Handaki la Mariana, kamba ile ilishuka pima 4,475, ambazo ni mita 8,184, ndipo uzito ulipogusa chini. Kabla ya safari hiyo, katika miaka ya 1840, mtaalamu mmoja wa Uingereza jina lake Edward Forbes alikuwa amekisia kwamba chini ya pima 300 hapana kiumbe kiwezacho kuishi. Watu wa Challenger walitupa nyavu zao chini mno ya hapo, wakapandisha viumbe hai. Hivyo dhana ya mwanachuoni ikaondoshwa na ushahidi, na hiyo ndiyo desturi ya elimu.

Mwaka 1951 meli nyingine ya Kiingereza, iliyopewa jina lile lile, ilirudi kupima kwa njia mpya. Sauti hupelekwa chini ya maji, hugonga sakafu ya bahari, na mwangwi wake hurejea melini. Kwa kuwa sauti hukimbia majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, mwenye kuhesabu sekunde hujua kina. Mahali pale mwangwi huchukua zaidi ya sekunde 14 kwenda na kurudi. Kwa hesabu hiyo ikadhihirika kwamba kina hakikuwa mita 8,000 na kitu, bali kilizidi mita 10,800. Ndipo mahali pale pakaitwa kwa jina la meli zile.

Ndugu Waislamu, anayetaka kushuka huko hukabiliwa na mambo matatu. La kwanza ni giza. Chini ya mita 200 mwanga wa jua huwa hafifu, na chini ya mita 1,000 haufiki kabisa. La pili ni baridi, kwani maji ya huko hukaribia kiwango cha barafu. La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni uzito wa maji. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, nasi hatuusikii kwa kuwa tumeumbwa nao. Lakini ndani ya bahari, kila mtu ashukapo mita 10 huongezewa msukumo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya dunia. Mwenye kufika Kina cha Challenger husukumwa pande zote kwa nguvu ipatayo mara 1,100 ya ile tuliyoizoea. Maana yake ni kwamba kila mahali penye ukubwa wa ukucha wa kidole hubeba uzito unaozidi tani moja.

Huenda msikilizaji akauliza: mbona viumbe vya huko havipondeki? Jibu ni kwamba miili yao haina nafasi za hewa kama mapafu yetu. Imejaa maji, na msukumo wa ndani hulingana na wa nje. Juu ya hayo wamepewa ndani ya miili yao dawa ya maumbile inayoilinda nyama yao isiharibiwe na msukumo. Hata hivyo kinga hiyo nayo ina ukomo. Samaki aliyeonekana chini kuliko wote hadi tunapoandika haya ni samaki mdogo laini asiye na magamba, aliyepigwa picha mwaka 2022 katika handaki lililo kusini ya Japani, kwenye mita 8,336. Wataalamu wanaona kwamba chini kidogo ya hapo samaki hawezi kuishi tena. Zaidi ya mpaka huo wapo majongoo ya pwani, na wadudu wa bahari mfano wa uduvi, na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kila mmoja ana daraja yake aliyowekewa.

Katika Suratun-Nur, aya ya 40, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa mtu aliyekosa nuru ya uongofu kwa giza la bahari yenye kina, ambamo mawimbi yamepandana na juu yake mna mawingu. Wako wasemaji wanaoichukua aya hii na kuifanya somo la elimu ya bahari, wakaipimia kwa mita za wataalamu. Sisi twaona kuwa ni adabu zaidi kuiacha aya katika shabaha yake, nayo ni hali ya moyo uliopotea. Vipimo vya wanadamu hubadilika. Mwaka 1875 ilisemwa mita 8,184, mwaka 1951 ikasemwa zaidi ya 10,800, na hata leo vyombo mbalimbali hutofautiana kwa makumi ya mita. Mtu anayeifunga imani yake kwenye hesabu ya mwaka fulani, hesabu itakaposahihishwa atayumba nayo. Elimu ya maumbile ina heshima yake, na heshima hiyo ni kuiacha iseme kwa ushahidi wake.

Na sasa tuwatazame watu walioshuka. Katika bahari ya Ghuba, wazamiaji wa lulu kwa karne nyingi walizama kwa pumzi moja. Mzamiaji alibana pua yake kwa kibanio, akatia mguu katika kamba iliyofungiwa jiwe, na jiwe likampeleka chini. Alipokusanya chaza katika kapu lake alivuta kamba, na mwenzake aliye chomboni akampandisha. Tuishike vizuri kanuni hii: uzito wa kumshusha, na njia ya hakika ya kumrudisha. Maisha ya mzamiaji yalikuwa mikononi mwa yule mvuta kamba, na mvuta kamba aliyesinzia alikuwa ameua.

Mwaka 1930 Wamarekani wawili, William Beebe na Otis Barton, walianza kushuka karibu na kisiwa cha Bermuda ndani ya tufe la chuma, yaani chombo cha mviringo mfano wa mpira, lililoning'inizwa kwa kamba nene ya waya. Umbo la tufe lilichaguliwa kwa sababu msukumo wa maji huligawia kila upande sawasawa, pasiwe na pembe iliyo dhaifu. Mwezi wa Septemba 1932 maneno ya Beebe akiwa chini ya bahari yalirushwa na redio ya Marekani, watu wakamsikia majumbani mwao. Na tarehe 15 Agosti 1934 wakafika mita 923, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika akarudi hai.

Lakini yapasa tukumbuke jambo moja katika habari yao. Mwaka 1932, baada ya kutia dirisha jipya, hawakuingia wenyewe. Walilishusha tufe likiwa tupu. Liliporudi juu lilikuwa limejaa maji yaliyobanwa kwa nguvu kubwa, na walipolegeza msumari wa mlango, msumari ule uliruka kama risasi ya mzinga. Lau wangalikuwamo ndani, wangalikufa papo hapo. Kushusha chombo kitupu kulichukua siku ya kazi na gharama, na ndiko kulikowaokoa.

Chombo cha Beebe kilikuwa na ukomo wake, kwa maana kamba ndefu huwa nzito hata ikajikata kwa uzito wake yenyewe. Mtu aliyepata njia ya kushuka bila ya kamba alikuwa Mswisi, Profesa Auguste Piccard. Huyu mwaka 1931 alikuwa amepaa kwa puto zaidi ya mita 15,000 angani, ndani ya chumba kilichozibwa. Akafikiri kwamba kanuni ya puto yafaa pia baharini. Puto huelea angani kwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa. Basi chombo cha baharini nacho kielee kwa kitu kilicho nyepesi kuliko maji. Alichagua petroli. Akatengeneza tangi kubwa lenye petroli, na chini yake akaning'iniza tufe zito la chuma la kukaa watu. Vilevile akatia vyumba vilivyojaa punje za chuma za kukipa chombo uzito wa kuzama. Punje hizo zilizuiliwa zisimwagike kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Hekima yake ilikuwa hii: umeme ukikatika, sumaku hulegea, punje humwagika zenyewe, na chombo hupanda. Hata hitilafu iliwekewa njia ya kuwarudisha watu juu.

Chombo hicho kiliitwa Trieste, kwa jina la mji wa Italia, na mwaka 1958 kilinunuliwa na Jeshi la Majini la Marekani. Hawakukipeleka moja kwa moja kwenye kina cha mwisho. Mwezi wa Novemba 1959 walishuka zaidi ya mita 5,000. Mwanzoni mwa Januari 1960 wakashuka zaidi ya mita 7,000. Kila mara walikikagua na kutengeneza walichoona kimelegea. Ndipo tarehe 23 Januari 1960 watu wawili, Jacques Piccard, mwana wa profesa, na Luteni Don Walsh wa Jeshi la Majini, walipoingia ndani ya tufe lenye unene wa kiasi cha sentimita 12.7, wakaanza kuteremka kwenye Kina cha Challenger.

Safari ya chini ilichukua muda wa saa tano kasoro. Walipopita mita 9,000 walisikia mshindo mkubwa, na tufe likatikisika. Walitazama vipimo vyao vyote, wakaona havikuonyesha kasoro, wakaendelea. Baadaye waligundua kwamba dirisha la ushoroba wa kuingilia, lililo nje ya tufe lao, lilikuwa limepasuka. Walifika chini, kwenye matope laini yaliyotibuka yakawa wingu, hata wasiweze kupiga picha. Walizungumza na meli yao kwa simu ya sauti, na kila neno lilichukua kiasi cha sekunde 7 kufika juu. Walikaa kama dakika 20 tu. Kisha wakamwaga punje za chuma, wakapanda kwa muda wa saa 3 na dakika 15, wakatoka salama wote wawili.

Baada ya siku ile ilipita miaka 52 hakuna mtu mwingine aliyefika pale. Katika kipindi hicho watu 12 walitembea juu ya Mwezi. Hata tarehe 26 Machi 2012, mtengenezaji filamu James Cameron alishuka peke yake, akafika mita 10,908. Mwaka 2019 Mmarekani Victor Vescovo alifika huko kwa chombo chenye tufe la madini ya titani, na katika safari zake za wakati ule alifika mahali pa chini kabisa pa kila bahari kuu, pamoja na Bahari yetu ya Hindi, katika handaki lililo kusini ya Indonesia lenye mita 7,192. Chombo chake kilikaguliwa na kupewa hati na taasisi ya ukaguzi isiyokuwa yake, nacho kikaweza kwenda na kurudi mara nyingi. Mwezi wa Juni 2020 Bi Kathy Sullivan, aliyekuwa ametembea katika anga za juu mwaka 1984, alikuwa mwanamke wa kwanza kufika chini pale. Na tarehe 10 Novemba 2020 Wachina watatu walifika mita 10,909 kwa chombo chao kiitwacho Fendouzhe.

Katika safari zote tulizozitaja za kwenda Kina cha Challenger, hapana aliyekufa. Lakini tarehe 18 Juni 2023 chombo kiitwacho Titan kilizama katika Bahari ya Atlantiki kuyatazama mabaki ya meli Titanic, kwenye mita 3,800 tu, ambayo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya kina cha Mariana. Tuseme wazi, hayakufika hata nusu. Chombo kilipondwa na maji, na watu wote watano waliokuwamo wakafa. Miongoni mwao walikuwamo baba na mwanawe. Hatuyasemi haya kwa kuwasimanga marehemu, bali kwa kuwa sababu zake zimechunguzwa na kutangazwa.

Chombo kile hakikuwa tufe. Kilikuwa mfano wa pipa, na kiwambo chake kilifanywa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi. Vitu vya namna hiyo ni vyepesi na vina nguvu, walakini vikibanwa na kuachiwa, vikabanwa tena na kuachiwa, tabaka zake huweza kuachana kidogo kidogo ndani, mahali jicho lisipoona. Wataalamu walikwisha kuonya tangu mwaka 2018. Chombo hakikupelekwa kwa wakaguzi wa nje wakipe hati. Mwezi wa Agosti 2025 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa taarifa yao, wakasema kwamba msiba ule ungaliweza kuzuiwa.

Basi wazingatieni hawa na wale. Bahari ni moja, na maji hayakumpendelea yeyote. Mita 10 za maji zina uzito ule ule juu ya tajiri na maskini, juu ya Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Waliofika chini kabisa ndio walioyaogopa maji zaidi, wakashusha chombo kitupu kwanza, wakaenda daraja kwa daraja, wakakubali kukaguliwa na mtu mwingine. Aliyeyadharau maonyo hakufika hata nusu ya njia yao.

Ndugu Waislamu, hapa ndipo tulipotaka kufika. Dini yetu inatufundisha kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kadiri. Wengi wetu tukisikia neno hilo hufikiri ajali na ajira peke yake, yaani siku ya kufa na riziki ya mtu. Lakini uzito wa maji nao ni kadiri. Nguvu ya chuma ni kadiri. Idadi ya watu ambayo chombo chaweza kuibeba ni kadiri. Mwenye kuvipima vitu hivi na kuvifuata anazifuata kanuni alizoziweka Muumba, na mwenye kuvipuuza anazivunja, ijapokuwa ulimi wake unataja jina la Mungu.

Hatuna haja ya kwenda Pasifiki kulitafuta somo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba kutoka Unguja, ikiwa imepakia abiria kupita idadi iliyoruhusiwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, nacho pia kilikuwa kimejaza watu kupita uwezo wake. Nyumba zilizopoteza wazazi na watoto katika misiba hiyo zingali zikiwataja katika dua. Na kila baada ya msiba kama huo, katika mabaraza yetu husikika neno moja: ni kudra ya Mwenyezi Mungu.

Ni kweli, hapana liwalo bila ya kudra yake, na aliyefiwa hana kimbilio lililo bora kuliko kuridhika na kusubiri. Neno hilo ni haki ya aliyefiwa. Lakini si haki ya yule aliyeuza tiketi kupita hesabu, wala ya nahodha aliyeng'oa nanga akijua, wala ya mkaguzi aliyeangalia pembeni. Hao wakisema ni kudra, wameifanya kudra kuwa pazia la kufichia uzembe wao. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, kama amfunge au amwache na kumtegemea Mungu, alimwagiza amfunge kwanza, kisha ategemee. Kumfunga ngamia kulitangulia, na kutegemea kukafuata. Kamba ya mvuta lulu, punje za chuma za Piccard, na tufe tupu la Beebe, vyote hivyo ni kumfunga ngamia.

Liko jambo jingine ambalo safari hizi zimelifunua. Tulidhani kwamba huko chini ni mahali ambapo mkono wa mwanadamu haujagusa. Katika picha zilizopigwa na chombo kisicho na mtu mwaka 1998, na habari zake zikatangazwa mwaka 2018, ulionekana mfuko wa plastiki katika Handaki la Mariana kwenye mita 10,898. Na mwaka 2017 wanasayansi walieleza kwamba wamekuta ndani ya wale wadudu mfano wa uduvi sumu za viwandani ambazo nchi nyingi zilikwisha kuzipiga marufuku tangu miaka ya 1970. Takataka zetu zimewafikia viumbe ambao sisi wenyewe hatujawaona. Mfuko tuutupao mtaroni wakati wa mvua huenda ufukweni, na kutoka ufukweni hakuna ajuaye utakaposimama. Kusafisha mitaro yetu ni sehemu ya amana hii.

Enyi wanafunzi, sakafu ya bahari za dunia iliyokwisha kupimwa kwa vyombo vya kisasa ni robo na ushei tu. Kazi iliyobaki ni kubwa, nayo inamngoja mwenye kujua hesabu, na fizikia, na elimu ya viumbe. Msidhani kwamba masomo hayo ni ya wengine. Babu zenu walijua bildi na nyota na misimu ya pepo, wakafika Bara Hindi na Ghuba kwa majahazi. Ilikuwa ni elimu ya vipimo, na kwayo waliwarejesha watu makwao.

Na nyinyi wazazi, siku ya safari mkifika bandarini mkaona chombo kimejaa kupita kiasi, teremkeni na watoto wenu, mngoje kingine, hata kama nauli imekwisha kutolewa na harusi inangoja ng'ambo. Nanyi manahodha na wenye vyombo, mjue kwamba kila roho iliyopanda chomboni mwenu ni kama yule mzamiaji wa lulu, na kamba yake mmeishika nyinyi. Mtaulizwa juu yake, duniani na Akhera.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa majini, awape subira waliowaacha, na atupe sisi elimu yenye manufaa na moyo wa kuitumia. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.